Miligramu Moja ya Mama Shuka

Kitambulisho kilisema miaka hamsini na saba. Sista wa chumba cha kamera alikigeuza mara mbili, akamtazama mwenye nacho, aliyekaa ukingoni mwa kitanda miguu ikining'inia bila kugusa sakafu.

"Mama, mimi nina hamsini na mbili," alisema kwa sauti ya chini. "Kwa hesabu hii ulinibeba mgongoni ukiwa na miaka mitano."

"Nilikuwa mtoto mwenye nguvu," alijibu Mama Shuka.

Walicheka kwa pua tu, maana pazia halizuii masikio.

Hospitali nzima ilimjua kwa jina hilo. Alikuwa akifua na kupiga pasi shuka za wodi zote tangu enzi ambazo mama yake Sista alikuwa mpishi jikoni hapo hapo, na mpishi alipozidiwa na masufuria, mfuaji ndiye aliyemfunga mtoto mgongoni. Leo alikuja kumezeshwa kamera, tumbo lake lichunguzwe. Kazi ya Sista ilikuwa kumchoma dawa ya kumsinzisha kidogo asihangaike.

Tatizo ni kwamba dawa ile haisomi kadi. Mwili wa mzee huing'ang'ania, na kipimo kinachomsinzisha mtu wa hamsini kinaweza kumsahaulisha wa umri mkubwa kuvuta pumzi.

"Niambie kweli, mama."

"Sabini na tano. Mwezi ujao sabini na sita. Lakini usiandike, mwanangu. Ukiandika, Jumatatu nakabidhi funguo za chumba cha kufulia. Nikakae nyumbani nihesabu mabati?"

Sista hakuhitaji kufafanuliwa. Alikumbuka mwaka ule ofisi ilipoamua kuwa mfuaji mwisho wake ni miaka sitini. Wanawake saba waliosema kweli walikuwa nje ya geti kabla ya chai ya saa nne, na majina yao saba alikuwa nayo kichwani mpaka leo. Mwenyekiti wa bodi aliyetia sahihi alikuwa mzee kuliko wote saba, na bado yupo, amepaka nywele rangi, anasinzia vikaoni bila hata kuchomwa sindano. Hakuna aliyewahi kumwomba kadi.

Daktari aliingia akivaa glavu. Alikuwa kijana, hodari, na wauguzi walimwita Chapchap kwa sababu zilizo wazi.

"Wako tisa nje, Sista. Chini ya sitini, miligramu tatu, twende." Alionyesha kwa kidevu chati iliyobandikwa ukutani.

"Naanza na moja."

"Moja? Ataning'ata vidole."

"Hana meno ya kukung'ata, Dokta."

Mama Shuka alifungua mdomo kuthibitisha.

Sista alimwekea mrija wa oksijeni puani na kimashine cha kupima oksijeni ya damu kidoleni, akasukuma dawa taratibu, kisha akatazama saa ya ukutani. Dakika moja ikapita.

"Bado yuko macho huyo," alisema Chapchap. "Ongeza."

"Siongezi. Kwa mtu mzima dawa inatembea, haikimbii. Unamwongezea, unamwongezea, halafu zote zinamfikia kwa mpigo."

Dakika ya tatu kope za Mama Shuka zilishuka. Namba kwenye mashine nayo ikashuka: tisini na saba, tisini na mbili, themanini na tisa. Mashine ikaanza kulia. Sista aliongeza oksijeni, akamwinua kidevu, akamwita sikioni, "Mama, vuta pumzi. Vuta nyingine." Kifua kikapanda. Namba ikapanda nayo, ikatulia tisini na sita.

Chapchap alisogea karibu. Alitazama bomba la sindano.

"Hiyo ilikuwa moja tu?"

"Moja tu. Mbili zako hizi hapa."

"Ana miaka mingapi huyu?"

"Sabini na tano. Unatakiwa kujua, ndiyo maana nakwambia. Ukitaka kuipeleka habari hii ofisini, ipeleke, lakini mimi nitafuatana nawe. Nitawauliza mbele yako kwa nini mtu aogope kumtajia umri wake anayemtibu."

Chapchap alipitisha kamera bila kudai tone la ziada. Kidonda kilikuwepo, kidogo, cha kutibika kwa vidonge. Alipomaliza alichukua fomu, akafika kwenye sababu ya kupunguza dozi, kalamu ikasimama. Kisha akaandika: mwili mwembamba, dozi ndogo imeshusha pumzi, asipewe zaidi ya hii. Kila neno lilikuwa kweli. Akatia sahihi.

"Anayefuata," alisema, "mwenye mvi au mikunjo anaanza na moja, kadi iseme itakavyo. Na hiyo chati ibandue, Sista, tutaandika nyingine."

Sista aliibandua pamoja na rangi ya ukuta.

Mama Shuka aliamka baada ya saa nzima, mdomo mkavu.

"Umeandika nini?"

"Uzito wako na pumzi zako. Daktari anajua. Ofisi haihusiki."

Alifumba macho akashusha pumzi ndefu. Kisha akaanza kutafuta viatu kwa miguu.

"Kesho naingia zamu ya asubuhi."

"Kesho unalala. Kwa umri wako dawa inachelewa kutoka."

"Umri wangu upi?"

"Wowote unaoutaka, mama. Kesho unalala."