Aya ya Nne

Mimi ni mpiga chapa. Ofisi yangu ni chumba kimoja kinachotazamana na lango la mahakama, na kwa miaka ishirini na miwili watu wameketi mbele ya meza yangu wakanieleza walivyotendewa, nami nikawatengenezea hati za kiapo. Nasema nikawatengenezea, na ninajua ninachosema. Mtu haleti hati, analeta vurugu. Anaanza na shemeji yake, anarukia ukuta uliobomolewa, anamtukana jirani, analia, kisha ndipo anakumbuka tarehe. Mimi naondoa matusi, naondoa machozi, nampangia namba moja mpaka namba tisa, na kila namba inaanza na "kwamba". Hakimu hana haja ya kujua kuwa jirani ana roho mbaya. Anataka kujua ukuta ulikuwa na urefu gani.

Mazoea hayo ndiyo yaliyoniponza.

Binti yangu tunamwita Wakili. Jina alilipata akiwa na miaka sita, siku aliyonithibitishia kwa hoja nne kwamba kuoga jioni na kuoga tena asubuhi ni kuadhibiwa mara mbili kwa uchafu mmoja. Tangu hapo na mimi nikawa Mama Wakili, hata kwa makarani wa mahakama ambao hawajui nilipewa jina gani nilipozaliwa. Baba yake aliondoka kabla mtoto hajaota meno, na kuhusu huyo sina maelezo ya ziada.

Mwaka huu Wakili aliomba nafasi ya kusomea sheria katika vyuo vitatu. Viwili maombi yake yanajazwa kwenye simu, akajaza mwenyewe. Cha tatu ni kile kikongwe, walikosoma mawakili wote wenye viatu vya kung'aa wanaopita dirishani kwangu bila salamu. Chuo hicho bado kinataka barua ya karatasi, imepigwa chapa na kutiwa sahihi, mwombaji aeleze kwa nini anataka sheria. Wakili aliandika maelezo yaleyale kwa vyuo vyote vitatu. Yale ya chuo kikongwe nikayapiga mimi.

Kufika Jumatatu ile majibu yote yalikuwa yametimia. Chuo cha mjini kilimkubali: angesoma jioni na kulala nyumbani. Chuo cha mbali, ambacho kukifikia ni basi la kutwa nzima na kipande cha siku ya pili, kilimkubali na kumpa kitanda bwenini. Chuo kikongwe kilimkataa kwa mistari miwili na mhuri. Vile viwili vilivyomkubali vilitaka jibu kabla ya Ijumaa saa kumi.

"Sichukui hata kimoja," Wakili aliniambia. "Naomba tena mwakani, kilekile kikongwe. Nitakaa na wewe ofisini mwaka huu, niandike barua nyingine. Hii ilikuwa mbovu."

Sitajitia utakatifu. Nilifurahi. Mwaka mzima zaidi wa kumsikia akibishana na redio, mwaka mzima wa kupigiana kelele nani kamaliza sukari! Kisha nikamtazama vizuri. Mwanangu ambaye mdomo wake haujui breki alikuwa ameshika tama, anaitazama ile karatasi yenye mhuri.

"Au labda mimi si wa kiwango chao, mama," alisema. "Labda nilikuwa najidanganya tu."

Furaha yangu ikakauka palepale, kwa sababu barua waliyoisoma haikuwa yake.

Acha niseme nilichofanya, nisizunguke. Barua yake ilikuwa na aya tano. Nilipiga ya kwanza, ya pili, ya tatu, vidole vinakwenda vyenyewe. Nikafika ya nne. Ilianza hivi: "Mama yangu hajasoma sheria. Darasa lake la mwisho ni la saba." Vidole vikasimama. Nikaisoma mpaka mwisho, nikahisi uso unawaka, nikawaona maprofesa wamekaa kwenye meza ndefu wakipokezana darasa langu la saba. Nikajiambia ninachowaambia wateja kila siku: hili halihusiki, toa. Nikaitoa. Mahali pake nikaweka sentensi moja: "Nimelelewa katika familia inayothamini elimu." Safi, imenyooka, haina ladha yoyote. Ningeweza kuiweka katika barua ya mtu yeyote, hata ya mbuzi.

Wakili alikuja mbio siku hiyo, akatia sahihi, akaibusu bahasha, akaipeleka posta.

Jumatano alianza kazi ofisini kwangu. Chumba tunakigawana na Mzee wa Mashine, mtu wa fotokopi, ambaye anaijua kila karatasi iliyowahi kupita pale na ana maoni juu ya kila moja. Wakili alifagia, akapanga majalada, akawaambia wateja wawili wasome kabla ya kusaini, kama anavyowaambia watu tangu ajue kusoma. Halafu akauliza:

"Mama, nakala ya barua yangu iko wapi? Ile ya chuo kikongwe. Nataka nione nilikosea wapi."

"Imepotea," nikasema.

Mzee wa Mashine akageuka na miwani yake. Katika chumba kile karatasi hazipotei. Kila kazi ina jalada, na ndani yake kuna vitu viwili vimebanwa pamoja: alicholeta mtu na nilichompa. Ndiyo sheria yangu ya kwanza, na mtunzaji wa sheria hiyo ni yeye.

"Imepotea?" Wakili akashangaa. "Hapa?"

"Nimesema imepotea. Unataka nile kiapo?"

Alipotoka kununua karatasi, Mzee wa Mashine hakunipa hata nafasi ya kupumua.

"Mama Wakili, jalada lile liko rafu ya pili, nyuma ya kesi za mashamba. Nililiweka mwenyewe, na nilisoma."

"Nani alikutuma usome?"

"Mimi nasoma kila kitu, ndiyo maana macho yameisha. Mwambie mtoto."

"Nikimwambia atanichukia."

"Atakasirika. Usipomwambia atakaa hapa mwaka mzima anatafuta kosa ambalo si lake." Akarudi kwenye mashine yake.

Alhamisi mchana, wakati mahakama imefunga kwa mapumziko na lango liko kimya, nilipiga moyo konde. Nilimwomba Mzee wa Mashine akale mahali pengine, akachukua kofia yake bila ubishi. Nikalitoa jalada nyuma ya kesi za mashamba, nikaliweka mbele ya mwanangu.

"Barua haikupotea," nikamwambia. "Nilikudanganya. Soma zote mbili, uliyoniletea na niliyoipiga. Soma aya ya nne."

Akasoma. Mimi nilitazama mikono yangu. Najua kusoma nyuso za watu, ndiyo kazi yangu, lakini ule sikuthubutu.

"'Familia inayothamini elimu,'" akasoma kwa sauti. "Mama, hii ni nini?"

"Ni mimi. Niliitoa ile yako."

"Kwa nini?"

"Niliona aibu. Si kwa ajili yako. Mimi mwenyewe, darasa la saba, mbele ya watu wale. Nilidhani nakuondolea mzigo." "Wale wa vyuo viwili vingine waliisoma aya yako wakakukubali. Hawa niliwanyima, wakakukataa. Nisamehe, mwanangu. Nimekuharibia."

Akafunika uso kwa viganja, mabega yakaanza kutikisika, nami nikainuka nimfuate, nikidhani analia. Alikuwa anacheka. Na kulia pia alikuwa analia, vyote kwa pamoja, kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo akianguka.

"Mimi!" akasema. "Mimi ninayewasumbua watu wote, soma kabla ya kusaini, soma kabla ya kusaini! Nimesaini bila kusoma!"

"Ulikuwa na haraka."

"Si haraka, mama. Sikusoma kwa sababu uliipiga wewe."

Afadhali angenitukana. Matusi ningeyajibu. Nikakaa chini, na machozi ambayo nimewaondolea watu kwenye hati miaka ishirini na miwili yakanitoka yote.

Akasogeza kiti karibu. Akaichukua ile ya mkono wake, akaanza kuisoma, na sikuweza kumzuia.

"'Mama yangu hajasoma sheria. Darasa lake la mwisho ni la saba. Lakini tangu nina miaka minne nimekaa chini ya meza yake nikisikiliza watu wakimweleza mambo yao hovyo hovyo, wakisahau tarehe, wakilia. Yeye huwauliza taratibu, halafu ikawaje, mpaka mtu anajua mwenyewe alichokuja kusema. Sijaona mtu akiinuka pale akiwa mdogo kuliko alivyoketi. Nataka kusoma sheria ili niifanye kazi ya mama yangu hadi ndani ya mahakama, ambako yeye haruhusiwi kuwafuata watu wake.'"

Akaikunja karatasi. "Ndiyo sababu yangu yote hii, mama. Hizo aya nyingine nne ni mapambo."

Nikamwambia ukweli, ingawa aibu ilikuwa bado haijaniisha. "Basi una haki ya kuomba tena. Mwakani upeleke hii, kama ulivyoiandika. Kaa hapa mwaka huu. Mimi nitafurahi kuwa na wewe, Mungu anaona."

"Unataka nibaki?"

"Sana."

Akainamisha kichwa. Hapo nikaona kitu usoni mwake, na safari hii nilithubutu kukisoma. Nimekiona kwa wateja elfu. Ni uso wa mtu ambaye bado hajasema alilokuja nalo.

"Hama hapo," nikamwambia. "Kaa kiti cha wateja."

"Mama, acha mchezo."

"Kaa. Anza popote. Usipange."

Akakaa. Akaanza na chuo kikongwe, kwamba hata hatujui kama aya ndiyo ilikuwa sababu, labda waombaji walikuwa wengi tu. Nikamwuliza, halafu? Akarukia chuo cha mjini: walimu wazuri, angefika nyumbani saa tatu, angenisaidia kufunga ofisi. Alikisifu kwa sauti ya mtu anayesifu dawa. Halafu? Akasema cha mbali kina kituo ambako wanafunzi hukaa na watu wasio na wakili, kuanzia mwaka wa kwanza, wawasikilize na kuwaandikia. Hapo maneno yakaanza kukimbizana. Kwamba alizitafuta picha za kituo hicho kwenye simu. Kwamba kuna meza sita na viti vya mbao. Kwamba mwanafunzi akishafuzu mafunzo ya awali anaruhusiwa kuingia mahakamani pamoja na mtu wake. Mikono ilikuwa hewani. Redio yenyewe ingenyamaza.

"Halafu ikawaje?" nikauliza, taratibu.

"Halafu nikahesabu siku za basi." Akanitazama. "Utabaki peke yako, mama. Nikasema ngoja niombe tena mwakani, mwaka mmoja tu. Hata kabla hawajanikataa nilikuwa nimeshaanza kuitafuta sababu."

Kumbe. Na mimi nilikuwa tayari kumpa sababu hiyo mkononi, imepigwa chapa.

"Sasa unataka nini?" nikamwuliza. "Kwa sentensi moja. Na usiniweke mimi ndani yake."

"Nataka kwenda kule mbali."

"Haya."

"Lakini wewe umo ndani, mama. Wale walinikubali pamoja na wewe. Hawa wa chuo kikongwe sitaki kuwasubiri mwaka mzima ili niwaeleze."

Nilitamani aseme tena, nilitamani asiseme kabisa. Niliona meza ya jioni ina sahani moja. Niliona sukari isiyoisha. Sikusema hata moja kati ya hayo, maana mteja alikuwa ameshaijua hoja yake, na kazi yangu ikifika hapo huwa naweka karatasi.

Chuo cha mbali kilikuwa kimetuma fomu ya kukubali nafasi. Wakili alitaka kuijaza kwenye simu, nikamwambia hapana, hii nitaijaza mimi kwa kompyuta yangu, kila herufi. Akasimama nyuma ya bega langu kunisimamia, na sikumlaumu. Jina kamili. Tarehe ya kuzaliwa. Jina la mzazi au mlezi. Kisha kikaja kisanduku kingine: elimu na kazi ya mzazi au mlezi.

Katika fomu zake zote za shule, mwaka hadi mwaka, kwenye elimu niliruka, na kwenye kazi niliandika mfanyabiashara.

"Nikusomee?" nikamwuliza.

"Andika kwanza."

Nikaandika: darasa la saba, mpiga chapa. Nikaisogeza skrini kumwelekea. Akavuta kiti, akaketi kando yangu, akaisoma fomu yote tangu juu mpaka chini, polepole, huku mkono wake mmoja umeushika wangu. Mzee wa Mashine alirudi akatukuta hivyo, na Wakili alikuwa bado hajamaliza kusoma.