Harufu ya Dobi Ndani ya Nyumba ya Palle

Majira yote ya baridi Palle alirudi kutoka kazini akapokewa na harufu ya dobi. Si sabuni, ni ile dawa kali ya kusafishia makoti ya sufi. Ejnar, dobi wa nyumba ya pili, alinuka hivyo hivyo mpaka kwenye masharubu.

"Ejnar alikuwa hapa?"

"Aje kufanya nini? Kula mkate wangu mweusi?" Vibeke, mkewe, alicheka. "Wivu umekuota puani, mume wangu!"

Lakini madirisha yakifungwa na nyumba ikipashwa joto, harufu ilizidi. Bila shaka, Palle aliwaza, wamejifungia! Jumapili moja alimtukana mkewe mpaka majirani wakasikia. Vibeke akafunga begi, akaenda kwa dada yake mjini Aarhus.

Wiki ikapita, harufu ikabaki pale pale. Kumbe wanakutana humu humu nikiwa kazini! Palle akabadilisha kitasa.

Ndipo Gunhild, mpimaji wa hewa wa manispaa, alipokuja kutoboa sakafu na kuingiza bomba jembamba.

"Dawa ya dobi ilimwagika uani kwake zamani," alisema akitazama kipimo. "Mchanga huu ni mkavu. Dawa inageuka mvuke, inapenya katikati ya chembe, inapandia kwenye nyufa zako. Nyumba ikiwa na joto, inauvuta zaidi. Mkeo uliyesema yuko kwa dada yake, mwambie asirudi kwanza."

Palle aliupapasa ufunguo mpya mfukoni.

"Usijali," alisema. "Harudi."