Mteja Mpya Halipi Faini

Mfumo wetu wa kompyuta ulikuwa haujaharibika. Hilo nataka lieleweke mapema, maana kaka yangu aliliimba miaka minne mfululizo, na hata leo ukimuuliza ataliimba tena.

Duka letu linauza pampu za maji na vipuri vyake: sili, beringi, gasketi, valvu, na vile vidude ambavyo mteja huvitoa mfukoni vimevunjika akasema, "Nipe kama hiki, lakini kizima." Baba alikuwa fundi wa pampu kabla hajawa mwenye duka. Alipougua niliacha chuo cha ualimu nikaja kukaa kaunta, na kabla hajafumba macho alituita mimi na kaka, mbele ya mama, akasema duka ni letu nusu kwa nusu. Kampuni ikaandikwa hivyo. Mimi sina mume, sina kiwanja, na cheti cha ualimu sikukipata. Nilikuwa na nusu ya duka, basi. Hiyo ndiyo ilikuwa nyumba yangu na uzee wangu.

Kaka akawa Mkurugenzi. Cheo alijipa mwenyewe, akakichapisha na kwenye kadi. Mimi nikabaki na stoo na kompyuta. Programu ya stoo na mauzo tuliinunua baba akiwa hai, na kila mwaka alikuwa analipia mkataba wa matengenezo: ukikwama unawapigia simu wanakukwamua, na likitoka toleo jipya wanakuwekea. Alilipa bila kunung'unika. Fundi yule alijua pampu isiyotiwa grisi inaishia wapi.

Baada ya msiba, ankara ya kwanza ilipokuja, Mkurugenzi aliitazama akacheka.

"Dada, hapa tunalipia nini? Imeharibika?"

"Haijaharibika. Tunalipia isiharibike."

"Ala! Sasa mimi nimlipe mtu aje kuangalia paa lisilovuja?"

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," nikamwambia.

"Ufa uko wapi? Nionyeshe ufa niuzibe sasa hivi."

Sikuwa na ufa wa kumwonyesha. Pesa ile ikaenda kwenye kiyoyozi cha ofisini kwake. Mwaka uliofuata nilisema tena, na uliofuata nikasema, akaniambia nina mdomo kama cherehani. Nikanyamaza. Kila asubuhi nikiwasha kompyuta ilikuwa inaniandikia kwamba mkataba wa matengenezo umekwisha, tafadhali huisha, nami nabonyeza sawa, naendelea kuuza sili.

Kisha ofisi ya kodi ikatangaza risiti za aina mpya. Duka lisilozitoa lifungwe, hakuna mjadala. Programu yetu kuukuu ilikuwa haizijui risiti hizo. Toleo jipya lilikuwa linazijua, lakini toleo jipya hupewa mwenye mkataba.

Tukawapigia simu watu wa programu. Aliyepokea alikuwa yule mama wa kitengo cha mikataba ambaye mimi nilikuwa nimembandika jina la Sauti ya Asali, maana angeweza kukwambia nyumba yako inaungua na ukamshukuru. Kaka aliweka simu mezani ili wote tusikie.

"Mpendwa mteja," akasema Sauti ya Asali, "mkataba wenu umelala miaka minne. Mtalipa miaka yote minne, na juu yake faini ya nusu ya pesa hizo, kisha mtalipia mwaka huu. Baada ya hapo tunawawekea toleo jipya siku hiyohiyo."

Kaka akasimama. "Nilipie miaka ambayo sikuwapigia simu hata mara moja? Ni sawa na mkahawa unidai chakula cha siku nilizolala njaa nyumbani kwangu!"

"Ndiyo sera yetu, mpendwa."

Kaka alipiga hesabu kwenye kikokotoo, akaipiga tena kana kwamba kikokotoo nacho kinamdai. Zilikuwa pesa za kununua pikipiki mbili mpya. Siwezi kusema sikufurahi. Nilifurahi kidogo, moyoni, kwa sababu nilisema na hakusikia. Lakini nusu ya pikipiki hizo ilikuwa yangu, na furaha ikakatika hapohapo.

"Na mtu anayeanza leo je?" kaka akauliza, sauti imeshuka ghafla. "Mtu ambaye hamjawahi kumwona?"

"Mteja mpya halipi faini, mpendwa. Tena ana punguzo. Ila siku ya kujiandikisha tunaangalia wamiliki. Wakiwa ni walewale, tunawahesabu mteja wa zamani."

Kaka akakata simu, akanikonyeza. Namjua tangu utotoni. Akikonyeza hivyo, kuna sukari imeshaibwa kabatini.

Jumapili tukakutana kwa mama. Kaka akaeleza mpango: kampuni ya zamani tuifunge, tuandikishe mpya kwa jina la mke wake. Wifi yangu ana ukoo wake na jina lake, na hakuna pampu hata moja duniani inayomjua. Mpaka siku hiyo alikuwa hajui kama sili ni mdudu au kitafunio. Bidhaa zote kampuni ya zamani iiuzie mpya kwa bei ya kutupa, tununue programu kwa punguzo, mambo yakitulia majina yetu yarudi pale pale.

"Yaani wifi ndiye awe tajiri wetu?" nikasema. "Basi tajiri, niongezee mchuzi."

Tulicheka, jamani. Wifi alicheka mpaka akapaliwa. Niliyecheka zaidi ni mimi, kwa kuwa kwa mara ya kwanza tangu baba afe nilimwona kaka anapanga jambo na mimi, anasema "sisi", ananimiminia maji. Mjinga akierevuka mwerevu yuko mashakani, na siku ile mimi nilidhani mjinga ni kampuni ya programu.

Mama peke yake hakucheka. Akasema, "Andikishianeni hata kikaratasi."

"Mama!" kaka akajishika kifua. "Damu nzito kuliko maji."

"Habari za damu nazijua, nimewazaa mimi. Mimi nasema habari za duka."

Tukamwona mama amezeeka tu. Kikaratasi hakikuandikwa. Jumanne nilikwenda na kaka nikatia saini kufunga kampuni ya baba, nikatia saini kuuza vipuri, nikatia saini kuachia mkataba wa pango. Hakuna aliyenishika mkono, na kila nilichotia saini nilikisoma.

Mteja mpya huanza na programu tupu. Nikaweka kompyuta mbili kaunta, ya zamani kushoto na mpya kulia, nikaanza kuandika stoo yote upya, kipuri kwa kipuri, mpaka viganja vikawaka moto. Kaka alikuwa akipita ananipiga begani: "Mashine, wewe!" Wifi alikuja siku moja kuchagua rangi ya kibao kipya cha nje. Akachagua zambarau. Wiki iliyofuata akaja tena, akataka aonyeshwe droo ya pesa inafunguliwaje, nami nikamwonyesha.

Zamani mwisho wa mwezi tulikuwa tunakaa mimi na kaka tunagawana faida mezani. Sasa nikawa napewa bahasha. "Kitu kidogo hicho, dada." Nikamuuliza majina yanarudi lini.

"Tulia. Wakiona jina lako watatutoza tena faini yote. Acha mkataba wa mwaka uishe."

Mwaka ukaisha. Na hapa nataka mnisikilize vizuri: yule yule aliyekuwa hataki kulipia paa lisilovuja alilipia mkataba mpya kabla hata hatujakumbushwa. Alikwenda mwenyewe benki. Nikasema moyoni, amejifunza. Nikamuuliza tena habari ya majina.

Siku hiyo wifi alikuwa amekaa kwenye kiti cha baba, ana miwani mipya. Akafungua mtoto wa meza, akanitolea karatasi na kalamu.

"Wifi, tumeona mambo yawe na utaratibu. Huu ni mkataba wako. Karani wa stoo, mwaka mmoja, tutakuwa tunauhuisha."

Nikamtazama kaka. Akawa anafuta vumbi kwenye pampu ambayo nilikuwa nimeifuta asubuhi.

"Karani?" nikasema. "Kaka, mimi karani? Nusu yangu iko wapi?"

"Ni karatasi tu, dada."

"Basi na jina langu ni karatasi tu. Lirudishe."

Akageuka kwa hasira, hasira ya mtu aliyeitafuta ili apate pa kujificha. "Unataka duka zima lilipe faini ile kwa ajili ya jina lako? Una huruma kweli wewe?"

Nikaiacha karatasi palepale, sikutia saini. Nyumbani sikumwambia mama. Nilikwenda kwenye chama chetu cha akina mama cha kuweka na kukopa, nikatoa akiba yangu yote, nikakopa juu yake, nikauza na friji. Nilijisemea: faini ndiyo kikwazo? Basi nitailipa mimi. Yote, na sehemu ya kaka, na miaka yote minne niliyosema tulipe akakataa. Nitailipa ili asiwe na neno.

Nikaenda na mkoba hadi kwenye ofisi ya watu wa programu. Sauti ya Asali kumbe ni mama mnene, miguu imemvimba, viatu kavivua chini ya meza. Nilipomtajia duka akaitambua sauti yangu ya simuni.

"Nimekuja kulipa faini ya mkataba uliolala," nikamwambia.

Akatafuta kwenye kompyuta, akatikisa kichwa. "Kampuni hiyo ilifungwa, mpendwa. Hakuna mteja wa kumlipia."

"Basi nilipie hii mpya. Nataka jina langu liingie kwenye umiliki, na najua mkiliona mtatoza."

"Nani kakwambia?"

"Kaka yangu."

Akavua miwani. Aliponijibu, ile asali ilikuwa haipo tena, ilikuwa sauti ya mtu tu. "Dada yangu, sisi tunaangalia wamiliki siku ya kujiandikisha. Baada ya siku hiyo mwekeni mnayemtaka, hata paka. Kaka yako nilimweleza hivyo wiki ileile mliyonunua. Alipiga kuuliza. Akapiga tena siku ya pili, kuhakikisha."

Nilikaa pale nimepakata mkoba. Akaniuliza kama nataka maji, nikamwambia sitaki. Nilimchukia, Mungu anisamehe, na hakuwa na kosa. Faini yao ilikuwa ya kikatili, lakini waliisema waziwazi, kwa simu, mbele ya watu. Wangu wa damu ndiye aliyeigeuza kisu.

Nikarudi dukani kwa miguu. Kaka alikuwa kaunta, wifi kwenye kiti cha baba, karatasi bado ipo na kalamu juu yake.

"Ulikuwa wapi?" kaka akauliza. "Wateja wanasubiri."

"Nilikwenda kulipa faini."

Mkono wake ukasimama juu ya kibodi. Wifi akaacha kuhesabu chenji.

"Wamepokea?" kaka akauliza polepole.

"Hawakupokea. Wamesema haipo. Wamesema ulijua haipo tangu wiki ya kwanza, tena ulipiga mara mbili."

Hakusema uongo mwingine, hilo namshukuru. Alitazama chini, masikio yakamwiva. Wifi ndiye aliyeshika neno. "Wifi, sisi hatuna ugomvi. Saini ufanye kazi. Usiposaini leo, ukija kurudi baadaye tutakuhesabu mtu mpya, utaanzia chini."

"Mtu mpya si ndiye asiyelipa faini?" nikamuuliza. Hakunielewa, au alijitia hamnazo.

Hapo akaingia mteja, mzee mmoja wa siku nyingi, mteja wa enzi za baba. Akatoa sili iliyochanika kutoka mfukoni, akaiweka mbele yangu juu ya ile karatasi.

"Mama, nipatie kama hii, lakini nzima."

Sili hiyo iko rafu ya tatu, kwenye kopo la maziwa ambalo baba aliliweka mwenyewe. Nilikuwa na uwezo wa kuifikia bila kugeuka. Sikunyoosha mkono.

"Muombe mwenye duka," nikamwambia.

Mzee akacheka. "Si ndiye wewe? Kwani mwenye duka ni nani?"

Nikamgeukia kaka, nikangoja amjibu. Akainamia kompyuta akaanza kutafuta sili.