Mfuko wa Arobaini na Moja

"Huo weka pembeni, Shemeji. Hauendi."

Bosi wa machimbo ya mambo ya kale alisema hivyo bila kuinua macho kutoka kwenye orodha yake. Mwanamke aliupakata mfuko wa plastiki, kilo mbili na ushei za udongo. Stoo ilikuwa imevuja wiki nzima, na maandishi ya lebo ya nje yalikuwa yamegeuka ukungu wa buluu.

"Ni wa Taratibu," alisema.

Nani asiyemjua Taratibu? Ndivyo walivyomwita marehemu mume wa mwanamke huyu, aliyekusanya udongo hapa misimu sita, akipangusa mwiko wake wa kuchimbia kila alipomaliza tabaka moja, kama mtu anayepangusa kijiko cha mgonjwa. Alipozikwa, mwiko ulibaki kwa mkewe, na kazi pia.

"Najua. Lakini udongo usiojulikana ulikotoka ni uchafu tu. Maabara watanicheka."

"Kuna karatasi ndani. Hakuwahi kufunga mfuko bila karatasi ya pili."

"Tukiufungua hapa vumbi litaingia, na udongo hautafaa tena kupimwa. Umwage, Shemeji."

Nje, dereva alipiga honi. "Jamani, mnapakia udongo au bibi harusi? Twendeni!"

Hakuumwaga. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaanza kuubonyeza mfuko kwa vidole gumba, polepole, akitafuta ukingo wa karatasi ndani ya udongo. Honi ikalia tena. Jasho likamtiririka hadi kidevuni. Upande wa kwanza, patupu. Wa pili, jiwe. Kisha kona nyeupe ikachungulia kwenye plastiki. Akaisukuma mpaka karatasi ikalala bapa, akauelekeza mfuko mlangoni penye mwanga.

"Soma, Bosi."

Bosi alivaa miwani. "Namba arobaini na moja. Shimo la tatu. Tabaka la saba, chini ya majivu ya jiko." Alipofika kwenye tarehe sauti ilimpungua: ilikuwa siku nne kabla ya mazishi. "Waliochukua: wawili." Akakunja uso. "Wawili? Siku ile msaidizi wake hakuja. Alikuwa na nani?"

Mwanamke aliutazama mfuko.

"Nilimletea chakula. Upepo ulikuwa mkali, akasema, 'Bibie, nishikie mdomo wa mfuko.' Nikamwambia mikono yangu inanuka vitunguu. Akacheka. Akasema hata aliyepika hapa zamani hizo lazima alinuka." Akaupangusa mfuko kwa kiganja. "Nilishika kidogo tu."

Bosi alimpa kalamu na lebo mpya. Mwanamke aliandika yote kama yalivyokuwa ndani, na alipofika mstari wa mwisho hakubadilisha neno.

Gari lilipoondoka na mfuko ule, mwanamke alirudi shimo la tatu, akapiga magoti mbele ya ukuta wa udongo. Mwiko mkono wa kulia, mfuko mtupu mkono wa kushoto. Upepo uliufumba mdomo wa mfuko kila alipotaka kumimina. Akaubana kwa magoti, mwiko umejaa, akangoja upepo utulie.