Jicho la Mwanakondoo

Mzee Sufu, kama walivyomwita kwa ajili ya kondoo wake, alifika malishoni jua likiwa ndio kwanza linachomoza. Alichokiona kilimfanya atupe ndoo na kutimua mbio kama kijana. Kondoo jike alikuwa amelala ubavu, anamsukuma pacha wa pili. Pacha wa kwanza alikuwa chini, mwili bado unateleza, anahangaika kusimama. Juu yake walikuwa shakwe, ndege wale weupe wa baharini wenye midomo ya njano, wanamdonoa usoni.

"Tokeni! Majambazi nyinyi!"

Aliwarushia kofia, akarusha na kiatu. Walisogea kidogo, wakatua, wakamtazama kama watu wanaongoja mgeni aondoke waendelee kula.

Jicho la kushoto la mwanakondoo halikuwepo.

Alimfunga kwa shati lake, akambeba hadi jikoni. Mkewe alimsafisha kwa maji ya chumvi. "Huyu ataishi," alisema. "Lakini hao wengine, baba? Nusu ya majike hawajazaa."

Hilo ndilo lililomsumbua Mzee Sufu. Shakwe wakiendelea hivi, msimu utakwisha hana kundi.

Bunduki ilikuwa kabatini. Lakini sheria ilimlinda shakwe: kumuua bila kibali ni kosa, na msimu wa kutaga mayai kibali hakitolewi. Mkulima anaruhusiwa kuwatisha tu. Naye alikwishawatisha. Alisimamisha sanamu la mtu, wakaligeuza kiti. Alipiga fataki, wakazizoea kabla yake.

Shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyehamia kwao tangu aachishwe kazi bandarini, alikuwa mezani anapuliza chai. "Shemeji, unajitesa bure. Mkate na dawa ya panya, basi. Nani atajua?"

"Nitajua mimi."

"Kwani wewe polisi?"

"Wala si mwuaji. Kunywa chai yako."

Alivaa koti lake la vikao, akaenda kwa afisa wa wanyamapori. Ilikuwa ofisi ndogo yenye feni inayolia, na ukutani picha kubwa ya shakwe akiruka, mzuri kama bibi harusi. Afisa alikuwa binti wa umri wa mwanawe wa mwisho. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Pole sana, mzee wangu. Lakini ndege hawa wanapungua mwaka hadi mwaka."

"Wanapungua wapi, mwanangu? Kwangu wamejaa mpaka kwenye bomba la moshi!"

"Wamejaa kwako kwa sababu kwako kuna chakula."

"Chakula si changu! Ni kiwanda cha samaki. Kinamwaga matumbo kwenye shimo wazi, ukuta kwa ukuta na malisho yangu. Shakwe wanakuja kwa matumbo, wanamalizia kwa kondoo."

Binti alishusha macho. "Mambo ya taka ni idara nyingine, mzee."

"Ndege wana idara, taka zina idara. Mwanakondoo wangu yuko idara gani?"

Alirudi nyumbani anatembea kwa hasira, fimbo ikichimba barabara. Yeye akifyatua risasi moja watakuja na gari na pingu. Meneja wa kiwanda anamwaga shehena nzima ya uozo kila asubuhi, na hakuna anayemuuliza habari za asubuhi.

Alimkuta shemeji kwenye uzio, mikono mifukoni, anapiga mluzi. Kwenye majani palikuwa na vipande vya mkate.

Mzee Sufu hakusogea. Tuseme kweli: alitamani. Angegeuka tu, aingie ndani, asiulize kitu, na kesho pawe kimya.

Ndipo shakwe mmoja akadaka kipande. Hakwenda baharini. Aliruka hadi mapaa ya mabati ya jirani, kwenye kiota chake, akawatapikia makinda. Yalikuwa mapaa yale yale yanayokinga mvua na kuishusha kwenye matangi ya mtaa mzima. Na mawingu yalikuwa yameshatanda.

"Okota!" alinguruma. "Kila chembe!"

Shemeji alicheka. "Umekuwa wakili wa ndege sasa?"

"Mtaa wote unakunywa maji ya mabati yale, mpumbavu wewe! Dada yako anakunywa! Na hata wasingekunywa, unajua dawa ile inavyoua? Mnyama anavuja damu ndani kwa ndani, siku nzima, na kesho yake tena. Mwizi akiniibia siendi kuwachoma wanawe!"

Waliokota wote wawili, wamepiga magoti, shakwe wakiwapigia kelele utosini. Kisha akamsukumia shemeji ngazi. "Nenda kwa jirani. Mwambie kwa mdomo wako ulichofanya, mkalitoe bomba la mvua kwenye tangi, kisha upande paani ukasafishe."

"Atanipiga, shemeji."

"Akichoka aniite nimsaidie."

Mwenyewe alimpakata mwanakondoo, akaenda kiwandani. Alimpita mlinzi bila salamu, akampita karani, akaingia ofisi ya meneja yenye zulia na madirisha yaliyozibwa ili harufu isiingie. Alimweka mnyama juu ya meza.

"Mzee, nini hii? Shakwe si wangu!"

"Sikuja kwa shakwe. Nimekuja kwa shimo."

Mwanakondoo alitandaza miguu, akakojoa. Meneja alirudi nyuma na kiti chake.

"Mtoe! Kifuniko kipo kwenye mpango."

"Majike wangu hawana mpango. Wanazaa leo. Na huyu ana njaa." Alimgeukia karani aliyesimama mlangoni. "Mama, hamna maziwa ya uvuguvugu hapa?"

Karani aliyaleta kwenye kikombe. Alitazama kitambaa chenye damu usoni mwa mwanakondoo, kisha akasema bila kumwangalia bosi wake, "Ghalani kuna maturubai ya malori. Hayana kazi wiki hii."

Meneja alimkazia macho. Mzee Sufu alivuta kiti, akaketi, akachovya kidole kwenye maziwa, akamnyonyesha mwanakondoo bila haraka yoyote. Meneja alitazama karatasi zake zinavyolowa. Mwishowe akanyanyua simu, akaita watu wa ghala.

Mzee alisimama ukingoni mwa shimo mpaka kona ya mwisho ya turubai ikawekewa jiwe, shakwe wakizunguka juu kwa matusi yao yote.

"Kesho watalifunua," karani alimnong'oneza.

"Basi kesho nitakuja na mama yake," alisema Mzee Sufu. "Huyo ana pembe."