Nyumba Namba Kumi na Nne, Watoto Saba

Kazini walimwita Mama Faili, na jina likamkaa. Alikuwa mtunza kumbukumbu wa hospitali, mwaka wa ishirini na moja sasa, katika chumba cha chini chenye rafu za chuma na dirisha moja linalotazama magurudumu ya magari. Mgonjwa akija na kadi iliyoliwa nusu na panya, Mama Faili aliisoma ile nusu iliyobaki, akaenda moja kwa moja kwenye rafu na kurudi na faili. Hakuwa mtu wa kelele. Ila akishakung'ang'ania na swali, hakuachii.

Ndiyo maana Baba Mkubwa alimpigia simu yeye. Baba Mkubwa, kaka wa marehemu baba yake, alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na tangu astaafu ukali wake wote wa shuleni alikuwa ameuhamishia kwenye ukoo. Ukoo ulikuwa ukutane mwezi wa nane, naye alikuwa akitayarisha bango la turubai, mita tatu kwa mbili, lenye kisanduku cha kila mtu kuanzia babu yake kushuka chini. Huyo babu alikuwa msimamizi katika kiwanda cha sabuni enzi zake, mtu wa kofia na filimbi, na mpaka leo familia ilitembea kifua mbele kwa ajili yake.

"Watoto wake sita ninao wote," Baba Mkubwa alisema. "Kinachonisumbua ni miaka ya kuzaliwa. Kiwanda kilipofungwa, makaratasi ya zahanati yao si yaliletwa kwenu?"

Yaliletwa, kweli. Yalikuwa kwenye maboksi nyuma ya mlango, hakuna aliyeyagusa miaka na miaka. Mama Faili aliomba ruhusa kwa mkuu wake, akaanza kuyafungua wakati wa chakula cha mchana, mkono mmoja kwenye rejista, mwingine kwenye kikombe cha chai. Siku ya tatu akafika kwenye rejista ya chanjo ya ndui. Karani wa zamani aliandika vizuri, herufi zimeinama upande mmoja kama watu wanaosukuma mkokoteni. Nyumba namba kumi na nne. Msimamizi, mke, watoto saba.

Akahesabu kwa kidole. Wa kwanza alikuwa babu yake mwenyewe, baba yake Baba Mkubwa. Wa mwisho alikuwa Bibi Mdogo, pekee aliyekuwa bado hai, mwenye miaka themanini na mmoja. Wa pili, kati ya wale wakubwa, alikuwa msichana mwenye jina ambalo Mama Faili hakuwahi kulisikia maishani mwake.

Alimpigia Baba Mkubwa jioni ile ile.

"Kosa la karani," Baba Mkubwa akasema, haraka mno.

"Baba Mkubwa, mimi ni karani. Karani anaweza kusahau mtoto. Haongezi mtoto."

Kisha mzee akasema, "Nilikuomba miaka ya kuzaliwa. Niletee miaka ya kuzaliwa."

Angesema mtoto huyo alikufa mchanga, pengine Mama Faili angefunga boksi na mambo yakaishia hapo. Lakini kuambiwa arudi kwenye mstari kama mwanafunzi aliyechelewa, hapana. Kesho yake alifungua maboksi yaliyobaki, na kesho kutwa pia.

Msichana alikuwepo kila mahali. Akiwa na miaka kumi na saba aliajiriwa kiwandani, sehemu ya kufunga sabuni kwenye karatasi. Mwaka mmoja baadaye aliungua mkono wa kushoto kwa sabuni ya moto, akafungwa bandeji, akapewa siku mbili za kupumzika. Kisha, akiwa na miaka kumi na tisa, kadi yake ya kazi, iliyowekwa pamoja na faili lake la zahanati, ilipigwa mhuri mwekundu: ameachishwa kazi, mgomo. Pembeni mtu alikuwa ameongeza kwa penseli: alisimama getini na wenzake siku tisa. Na chini kabisa ilikuwepo sahihi ya msimamizi aliyempendekeza afukuzwe. Mama Faili aliifahamu. Ilikuwa kwenye picha ya yule babu wa kiwandani, baba wa msichana, iliyotundikwa sebuleni kwa Baba Mkubwa, chini ya kofia na filimbi.

Alikaa akiitazama mpaka chai ikapoa.

Kitu kimoja zaidi kilikuwa kimebanwa nyuma ya kadi: barua ya hospitali ya mji mwingine, iliyoandikwa miaka sita baada ya mgomo, ikiomba maelezo ya kovu la mkono la mfanyakazi wao mpya wa idara ya kufulia. Kwa hiyo hakufa. Alihama, akapata kazi, akapimwa afya.

Mama Faili alipiga simu kwenye hospitali hiyo, akaomba kuzungumza na mtunza kumbukumbu. Akapokea mwanamume mwenye kikohozi kikavu. Watu wa kazi moja huelewana upesi. Alipomtajia jina tu, mwenzake akacheka mpaka kikohozi kikamkamata.

"Huyo mama? Dada yangu, hapa hana haja ya faili. Alikuwa mwenyekiti wa wafanyakazi wa kufulia kwa miaka ishirini. Glavu za mpira tunazovaa, yeye ndiye aliyezipigania. Amefariki mwaka wa kumi na mbili huu. Ila mjukuu wake yupo, ndiye anayeendesha gari letu la wagonjwa. Nimwambie nani anamtafuta?"

Mama Faili akaitazama ile kadi. "Mwambie ni ndugu yake."

Alisafiri Jumamosi. Alimkuta huyo Dereva kwenye uwanja wa nyuma wa hospitali, mwanamke wa miaka thelathini na minane hivi, suruali imekunjwa hadi magotini, akimwaga maji kwenye matairi. Alikuwa na paji la uso pana la nyumba namba kumi na nne. Mama Faili alikuwa na lake pia, na wote wawili waliliona, lakini Dereva hakutabasamu.

"Nimeambiwa wewe ni ndugu yangu," alisema. "Mnataka nini?"

"Sitaki kitu. Nilikuwa nakutafuta."

"Kunitafuta? Mimi sikupotea. Nyumbani ni hapo ng'ambo ya barabara, tangu nizaliwe. Bibi yangu naye hakupotea. Alitutajia ndugu zake sita kwa majina, kwa mpangilio, mpaka tukawakariri kama somo. Nyinyi mlitajiwa nini?"

"Hatukutajiwa," Mama Faili alisema. "Nimemjua wiki mbili zilizopita, ndani ya boksi."

Dereva akafunga bomba. Akakaa kwenye ngazi ya gari la wagonjwa, akamwonyesha mgeni naye akae.

"Alirudi mara mbili, unajua? Mara ya kwanza baada ya mgomo, hakufunguliwa mlango. Mara ya pili baba yake alikuwa ameshakufa. Alikuwa na miaka arobaini, amemshika mama yangu mkono. Kaka yake mkubwa akatoka hadi getini, akamwambia asiwachanganye watoto, maana walishaambiwa amekufa kwa homa. Nyuma yake alisimama kijana mmoja wa chuo cha ualimu. Akamtazama bibi yangu, akaingia ndani."

Kaka mkubwa alikuwa babu yake Mama Faili, yule aliyekuwa akimbeba mabegani na kumnunulia njugu. Na ukoo mzima ulikuwa na mwalimu mmoja tu.

"Wapo wengine waliodanganywa," Mama Faili alisema. "Yupo mdogo wao wa mwisho. Alikuwa na miaka minane. Bado yu hai."

Dereva akageuka. "Yule kitindamimba? Yupo?"

"Yupo. Na mwezi wa nane tunakutana. Nataka uje."

"Kuja kuomba nipokelewe?"

"Kuja kuketi. Ukilazimishwa kuomba, tutaondoka wote."

Aliporudi mjini alikwenda kwanza kwa Bibi Mdogo. Alimkuta mchana, akichambua mchele dirishani, miwani imefungwa kwa uzi. Mama Faili alikuwa amepanga maneno ya kumwandaa taratibu, lakini Bibi Mdogo aliliona jina kwenye nakala ya rejista, na sinia likamponyoka.

"Dada yangu huyu. Alikufa kwa homa. Nililia mpaka nikaugua."

"Hakufa, Bibi. Alifukuzwa. Amefariki miaka kumi na miwili iliyopita, mwendo wa saa mbili kwa basi kutoka hapa."

Bibi Mdogo aliishika nakala kwa mikono miwili. Machozi hayakumtoka. Kilichopanda usoni mwake kilikuwa hasira, hasira mbichi ya mtoto wa miaka minane, ndani ya uso wa mzee wa themanini na mmoja.

"Saa mbili?" alisema. "Miaka sitini na mmoja, saa mbili tu? Nani mwingine alijua?"

Mama Faili akamwambia.

"Haya. Usimwambie kwamba najua. Na hiyo siku ya mkutano, uje kunichukua mapema. Nataka kiti cha mbele."

Baba Mkubwa, kwa upande wake, alisikia habari za safari, maana mji mdogo hauna siri. Akapiga simu. Alianza kwa upole, mwanangu huku, mwanangu kule. Alikuwa tayari kuwaweka hao watu chini ya bango, kwa mstari wa nukta nukta, chini ya maneno "jamaa wa karibu na ukoo." Ila habari za mgomo zisitajwe, wala sahihi ya babu.

"Mstari wa nukta nukta wa nini?" Mama Faili akauliza. "Alizaliwa kwa nukta nukta?"

"Usinijibu hivyo! Babu alijenga jina la familia hii."

"Alilijenga kwa kumfukuza mwanawe. Sitakuwa na aibu kwa niaba yake, lakini pia sitamfichia."

"Ukimleta huyo mwanamke, na wewe nakutoa kwenye bango."

"Nitoe, Baba Mkubwa. Mimi nafahamu ninapopatikana."

Siku ya mkutano watu walijaa ukumbi wa shule aliyoiongoza Baba Mkubwa zamani. Bango lilimeremeta ukutani. Mama Faili alitafuta kisanduku chake, hakukiona. Mzee hakuwa mtu wa vitisho vitupu. Alicheka peke yake. Kisha akatoka nje kumpokea Dereva, aliyekuja na sare yake ya kazi moja kwa moja kutoka zamu, na wakaingia wakipita katikati ya viti, hadi mbele. Minong'ono ikawafuata kama nzi.

Baba Mkubwa alisimama. "Mkutano huu ni wa wanaukoo. Wageni tunawaomba—"

"Kijana," Bibi Mdogo alisema kutoka kiti cha mbele. "Kaa."

Mzee wa miaka sabini na minne akaitwa kijana mbele ya watu mia. Lakini huyu alikuwa shangazi yake, dada wa baba yake, wa mwisho wa kizazi kile. Akakaa.

Bibi Mdogo akanyanyuka kwa mkono wa Mama Faili. Akamtazama Dereva muda mrefu, akamshika paji la uso kwa kiganja, kama anayepima homa. Halafu akaugeukia ukumbi.

"Nilikuwa na dada," alisema. "Alisimama getini siku tisa kwa sababu wasichana walikuwa wanaungua mikono. Baba yetu akamfukuza kazi, kisha nyumbani. Mimi nikaambiwa amekufa. Huyu mwalimu wenu alimwona kwa macho yake, mzima, akanyamaza miaka hamsini na miwili. Nipeni kalamu nene."

"Shangazi," Baba Mkubwa alisema, "heshima ya babu..."

"Babu kwako. Kwangu ni baba. Namjua kuliko wewe."

Kalamu ikaletwa. Kati ya kisanduku cha mtoto wa kwanza na cha anayefuata hapakuwa na nafasi, kwa hiyo Bibi Mdogo aliandika juu ya maua ya pambo, herufi kubwa zinazopanda na kushuka, na herufi ya mwisho ikaingia hadi ndani ya kisanduku cha msimamizi. Akaandika na watoto wa dada yake, Dereva akimtajia. Kisha akaandika Mama Faili mahali pake. Hakukubali kusaidiwa.

Nusu ya ukumbi ilipiga makofi. Watu kama ishirini walibeba watoto wao wakaondoka. Baba Mkubwa hakuondoka. Ukumbi ulipopungua kelele, alimwambia Dereva, bila kumtazama, "Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Baba aliniambia nyamaza, nikanyamaza."

"Bibi yangu alikuwa na kumi na tisa," Dereva alijibu. "Aliambiwa hivyo hivyo."

Hakumpa mkono.

Mambo hayakuishia kwa kukumbatiana. Baba Mkubwa alichapisha bango jipya, safi, la watoto sita, na waliotaka wakaligawana. Akatuma ujumbe kwamba mkutano wa mwaka ujao utakuwa wa watu wenye nidhamu. Mama Faili alimjibu kwa mistari miwili: wao watakutana kwenye ukumbi wa wafanyakazi wa kufulia, mlango utakuwa wazi kuanzia saa tatu asubuhi, na yeye amealikwa kama mtu mwingine yeyote.

Hakuja. Walikuja thelathini na mmoja. Bibi Mdogo aliletwa na Dereva, akaketishwa katikati ya wanawake wastaafu wa idara ile, wazee wenye mikono iliyochubuliwa na dawa za kufulia. Akawauliza juu ya dada yake maswali mengi, alikula nini, alipenda rangi gani, kama alikuwa bado anazungumza kwa sauti ya juu.

"Sauti?" mmoja akashangaa. "Mama, akianza mkutano huku chini, wagonjwa wa wodi ya tatu walikuwa wanagonga dirisha!"

Bibi Mdogo akapiga paja, akacheka mpaka miwani ikaanguka.

"Ndiye," alisema. "Ndiye huyo."