Pamba kwa Sikio la Serikali

Jana usiku usingizi ulinichukua mapema, nikaota niko jikoni kwangu Dodoma, nataka kumpigia mama simu Pangani. Nilikuwa na neno moja la kumwambia: nina mimba. Mbili zilikwisha kuharibika, kwa hiyo hii sikuwa nimemwambia mtu, hata Kombo mume wangu aliye safarini. Kwetu mimba changa hufichwa, kijicho kisije kikaiwahi. Nilitaka wa kwanza kusikia awe mama.

Ukutani palikuwa na sikio.

Husemwa kuta zina masikio, nami nilidhani ni msemo tu. Hili lilikuwa kubwa kama ungo, limevaa kitambulisho shingoni. Shingo yenyewe sikuiona. Likanisalimu kwa adabu, likaeleza kwamba kisheria kila neno la raia sharti lipite kwake kwanza. Nikauliza kama ni hata la mama na mwana.

"Hayo hasa," likasema. "Ndiyo yanayosemwa kwa sauti ya chini."

Mara jikoni pamekuwa ofisi. Maneno ya watu yamepanga foleni mbele ya sikio: shikamoo za wajukuu, ugomvi wa wachumba, "umekula?" nyingi mno. Langu liko mwisho, dogo, linatetemeka. Nalichukua, nalifunga kwenye pindo la khanga.

Sikio linatokwa na machozi.

"Ninauma," likasema. "Tangu niajiriwe sijalala. Nasikia 'nakupenda' kutwa kucha, na hakuna hata moja iliyo yangu."

Nilikuja na hasira zangu, lakini zikaniisha; nikalihurumia kweli. Nikafanya kama mama alivyonifanyia utotoni: nikapasha mafuta ya nazi kwenye kijiko, nikayajaribu mkononi yasije yakaunguza, nikalitia tone, nikaziba na pamba. Nikaliambia pole, baba.

"Pamba hairuhusiwi," likasema, na hapo hapo likalala. Likaanza kukoroma.

Nikafungua pindo, nikainua simu. "Mama, nina mimba." Tulilia kidogo, kila mtu kwake.

Nilipoamka kumekucha, nyumba nzima niko peke yangu, simu inaita. Ni mama. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akashusha sauti.

"Saumu mwanangu, nimesikia, na simwambii mtu. Ila yule aliyekuwa akikoroma ni nani?"